Jerop Aliyeagiza Bila Kutaja Nambari

Jerop wa Sarah alizaliwa siku ambayo mvua ilinyesha hapa Chepsaita hata samaki wakawa wanapita barabarani wakiulizana njia ya Turbo. Mmoja aliniuliza mimi, nikamwonyesha. Ndiyo sababu mtoto akaitwa Jerop, maana kwetu msichana akija na mvua jina lake limeshapatikana. Anayebisha amtafute yule samaki.

Alikua mrefu, mwembamba, mwenye mikono isiyotulia. Redio yangu aliifungua akiwa bado na pengo la meno ya utoto, akaitandaza yote juu ya gunia kama mtu anayeanika mahindi, kisha akairudishia. Ikaanza kushika stesheni ambazo hazijajengwa. Akili alikuwa nayo, hilo hata maadui wa mama yake hawalikatai. Kitu kimoja kilimshinda tangu utotoni, nacho ni kusema, "Ni mimi." Siku moja ndama aliingia kwenye mahindi ya baba yake akala mistari mizima, na aliyekuwa akimchunga ni Jerop. Alipoulizwa hakudanganya, la. Alisema tu, "Mbwa wa jirani alikuwa hapa." Basi mbwa akapigwa. Mbwa yule aliishi sana, na kila Jerop alipopita aligeuza uso akatazama upande wa Kesses.

Huko huko Kesses ndiko Jerop alikoenda kusoma, kwenye kile chuo kikubwa, mambo ya kompyuta. Alipomaliza akapanga chumba Eldoret mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, akawa anatengenezea watu programu. Mwenye kinu cha kusaga alitaka kujua magunia yaliyoingia na yaliyotoka. Mwenye duka la dawa alitaka kujua dawa gani imeoza kwenye rafu. Kazi hiyo haina jembe, lakini nimemwona akiifanya, na macho yake hutoka mekundu kuliko ya mchoma makaa.

Aliwahi kunieleza kazi yenyewe tukiwa jikoni kwangu, mimi nikisugua vibuyu.

"Kogo," akasema, maana ndivyo wajukuu wa huku wanavyomwita bibi, hata kama si wa tumbo lako, "programu ni kama nyumba ya udongo. Mimi sikati fito msituni. Kuna kiunzi ambacho watu wameshakijenga, kiko kwenye intaneti, mimi nachukua hicho halafu nakandika udongo wangu."

"Unakichukua kwa mkokoteni?"

"Kuna chombo cha kukiagiza. Nafungua dirisha jeusi, halina picha wala kitu cha kubonyeza, ni maandishi tu. Naandika amri: leta kiunzi, nambari fulani, cha mashine ya aina fulani. Kinaenda, kinaleta, kinakipanga mahali pake."

"Na nambari ni za nini?"

"Kila wakati wanajenga vipya. Kila kimoja kina nambari yake. Vipya vinapendeza lakini vingine vinakataa mashine nzee."

"Na ukisahau kutaja nambari?"

"Kinaleta kipya kabisa."

"Huyo ni tarishi mwema kuliko marehemu mume wangu," nikamwambia. "Yule ulimtuma chumvi akarudi na habari."

Alicheka mpaka akashika mlango. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu baadaye kilipotea kwa muda.

Chama chetu cha maziwa cha hapa Chepsaita kilikuwa na kompyuta moja, tuliachiwa na watu waliopata mpya. Ilikuwa nzee hata ukiiwasha ilikohoa kwanza. Aliyeitunza ni karani wetu, Sifuna. Huyu kwao ni upande wa Webuye, lakini amekaa hapa mpaka ng'ombe wetu wanamjua kwa mluzi. Alikuwa na funguo za ofisi kwenye kamba kiunoni, na ile kompyuta aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile cha kuwekwa kwenye viti siku wageni wanakuja. Asubuhi anakifunua, anaiwasha, anaipa pole. Jioni anaizima na kuifunika. Zaidi ya hapo hakuigusa.

Jerop akatutengenezea programu ya kupima maziwa. Unaweka mkebe wako juu ya mizani, kompyuta inaandika jina lako na kilo zako, na hakuna mtu wa kukwambia kesho kwamba hukuleta. Aliijaribu pamoja na Sifuna kwenye ile mashine kizee. Alitumia kiunzi cha zamani, nambari ishirini na mbili, kwa sababu alijua kabisa mashine haiwezi kubeba kipya zaidi. Ikafunguka. Sifuna akapima jiwe, akapima paka, akajipima mwenyewe. Kila kitu kikawa sawa. Ikabaki siku ya kuwaonyesha wanachama, ili wakubali ama wakatae.

Sasa asubuhi ya siku hiyo, Jerop akiwa chumbani kwake mjini, akaitazama kazi yake akaiona haijavaa vizuri. Herufi hazikumpendeza. Mtu anakwenda kusimama mbele ya watu wa kwao, mama yake ameshatangaza kanisani, mbona asing'arishe kidogo? Akafungua lile dirisha jeusi akaagiza kiunzi upya. Kwa haraka na kwa furaha akaandika "leta" tu. Nambari hakutaja. Tarishi akaenda, akaleta kipya kabisa. Kwenye kompyuta yake ya kubeba, ambayo ni changa, programu ilifunguka ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Akaitia kwenye flashi, akaining'iniza shingoni, akaacha kompyuta yake mezani kwa sababu haikuingia kwenye kibegi alichonunua cha kulingana na gauni.

Kutoka Eldoret kuja huku si mbali, lakini Sarah alikuwa amesimama barabarani tangu umande haujakauka. Mnajua desturi yetu. Mkimbiaji akirudi na medali, akishuka tu kwenye ndege pale Eldoret, anapokelewa kwa mursik, maziwa ya lala yaliyokaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wetu. Anakunywa mbele ya watu, wanawake wanapiga vigelegele. Sarah hakuwa na mkimbiaji nyumbani kwake. Alikuwa na Jerop. Akamletea kibuyu pale pale mlangoni pa ofisi ya chama.

"Mama, mashine haijawashwa," Jerop akasema kwa sauti ya chini.

"Kunywa, usiniaibishe."

"Si tungoje kwanza tumalize?"

"Wewe kunywa! Watu wanaangalia."

Akanywa. Sarah alipiga kigelegele hata ng'ombe wa Turbo wakaacha kutafuna. Mursik hupewa anayetoka mbioni. Huyu alipewa kabla hata hajavua viatu vya mjini, na yale maziwa yenye vumbi la mkaa yakamwachia sharubu ndogo juu ya mdomo, hakuna aliyethubutu kumwambia.

Ofisi ilijaa mpaka wengine wakasimama dirishani. Mzee Kipchumba, mwenyekiti wetu, akasema neno la kufungua, refu kama reli. Kisha Sifuna akafunua kitambaa, akawasha. Mashine ikakohoa. Jerop akachomeka flashi, akaweka programu yake mpya juu ya ile ya zamani, akabonyeza.

Kikatokea kisanduku kidogo chenye maneno ya Kizungu. Akakifunga, akabonyeza tena. Kisanduku kile kile. Akazima, akawasha, mashine ikakohoa tena, kisanduku kikarudi kama mgeni aliyesahau kofia.

"Injinia," akaita Mama Muthoni kutoka nyuma, yule mwenye duka karibu na barabara ya Webuye ambaye huleta maziwa kwetu, "ama mashine pia inataka mursik?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Laiti Jerop naye angecheka, angesema, "Ngojeni niangalie nimekosea wapi," mambo yangeishia hapo na chai ingeletwa. Lakini masikio yake yalikuwa yamewaka moto, na mama yake alikuwa ameketi mbele kabisa na kibuyu mapajani.

Jerop akasema, "Hii mashine imechezewa."

Kicheko kikazimika. Mzee Kipchumba akavua miwani. "Imechezewa na nani?"

"Sijui, Mzee. Ninachojua, niliiacha ikiwa sawa."

"Funguo za hii ofisi ziko na nani?"

Swali hilo halikuhitaji jibu, zilikuwa zikining'inia kiunoni pa mtu. Macho yote yakaenda huko.

"Madam Jerop," Sifuna akasema taratibu, "mimi nawasha, nafunika. Hiyo tu. Si tulijaribu na wewe ikafunguka? Mimi tangu hiyo siku sijagusa kitu."

Jerop aliangalia flashi. Hakumwangalia yeye.

"Ndiyo shida ya kupea mtu wa mbali funguo," mtu akasema pale dirishani. Sitamtaja, anajijua, na ng'ombe wake anakamuliwa upande mmoja.

Sifuna hakubishana. Alifungua kamba kiunoni, ikamsumbua kidogo fundo lake, akaweka funguo mezani. Zilitoa sauti ndogo sana. Mzee Kipchumba akazichukua akaziweka mfukoni mwa koti. Sifuna akakitandika kile kitambaa juu ya kompyuta, akainyoosha pembe moja iliyokuwa imekunjika, akatoka. Jerop alisimama pale na sharubu zake za mursik, na neno moja ambalo lingemrudisha yule mtu mlangoni halikumtoka.

Aliporudi mjini, jioni hiyo hiyo aliketi mbele ya kompyuta yake kutafuta kosa. Hakutafuta sana. Lile dirisha jeusi huwa halisahau. Amri aliyoandika asubuhi ilikuwa bado iko pale pale, "leta," bila nambari, na chini yake tarishi amejibu kwa unyenyekevu kwamba ameleta kipya kabisa, kama alivyoagizwa. Alivyonisimulia, alihisi kama mtu aliyekuta nguo yake ya ndani imeanikwa kwenye ua wa kanisa.

Angepiga simu. Hakupiga. Alizima simu. Mwenye kinu akamtafuta, mwenye duka la dawa akagonga, yeye kimya. Aliniambia kwamba kila alipotaka kutoka aliona zile funguo mezani, anarudi kuketi. Huku nyumbani Sarah aliacha kukaa benchi la mbele kanisani. Alikaa karibu na mlango, akitoka kabla ya wimbo wa mwisho. Na maziwa yakawa yanapimwa kwa ile mizani ya zamani ya kuning'iniza, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuandika haraka kama Sifuna, wengine tulipewa kilo za jirani. Mimi nilipewa za mtu mwenye mbuzi.

Halafu mchana mmoja nikasikia mahindi nyuma ya jikoni yakitikisika. Nikachukua mwiko nikidhani ni nyani. Akatokea Jerop, matope mpaka magotini.

"Umeingia kwa mlango wa nyuma kama fuko," nikamwambia. "Barabara imekukosea nini?"

"Kogo, ni mimi."

"Naona ni wewe. Sijapofuka."

"La, Kogo. Ile mashine. Ni mimi."

Nikaweka mwiko chini. Akaketi juu ya kigoda akanieleza yote, herufi, kibegi, ile amri. Machozi yalikuwa yakimtoka, hakuyafuta. Nilimwacha aseme mpaka mwisho kwa sababu nilitaka kusikia lile neno tena. Ndama yule alipokula mahindi hatukulisikia.

"Mbwa amepigwa mara ya pili," nikamwambia.

Akainama akashika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani ameelewa vibaya, kumbe ameelewa vizuri mno.

"Nimeleta ile nambari ishirini na mbili," akasema baada ya muda, akinionyesha flashi. "Safari hii nimeandika kila kitu, nambari, aina ya mashine, yote. Naweza kuirudisha. Lakini sijui nitamwangaliaje Mzee Sifuna."

"Utamwangalia kwa macho. Mungu hakukupa kitu kingine cha kuangalilia."

Nikamsindikiza. Wema haukuhusika, nilitaka kuona. Nikachukua kibuyu kimoja cha mursik kilichokuwa tayari, maana kwenda kwa mtu mikono mitupu ni kumtukana mara mbili.

Sifuna tulimkuta uani kwake akinoa jembe. Alikuwa amepata kibarua cha kupalilia huko Turbo. Kuku wake watatu walikuwa wakimzunguka. Alipomwona Jerop alisimama, akapangusa mkono kwenye suruali, akampa. Ule mkono ndio uliomvunja binti. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Mzee Sifuna," akasema, "kosa la mashine lilikuwa langu. Niliweka kiunzi kipya bila kutaja nambari. Wewe hukugusa kitu. Nilijua siku hiyo hiyo jioni, nikanyamaza. Nimekuja kuomba msamaha."

Sifuna akajaribu makali ya jembe kwa kidole gumba. Kisha akauliza, "Hapa kuna nani?"

"Kuna mimi na Kogo."

"Na kuku. Hapa kuna kuku, Madam. Siku ile ulinipaka matope mbele ya nani?"

Jerop akageuza uso upande wa ofisi ya chama.

"Basi hapa usinioshe. Nioshe pale uliponipakia. Na hicho kibuyu, Mama," akanigeukia mimi, "rudi nacho. Sitakunywa uani."

Tulirudi kimya. Mimi, kimya! Ndege wa Chepsaita walishangaa, wakashuka kuona kama nimekufa.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba nilianika shuka juu yake nikaliacha. Watu walikuwa wamepanga mikebe mbele ya ofisi kama kawaida. Jerop akaja kwa barabara, katikati, kwa miguu, gauni lile la mjini akiwa ameliacha. Mama yake alikuwa kwenye foleni na mkebe wake. Sifuna naye alikuja kwa sababu jioni nilimtuma mtoto amwambie aje, akasimama mbali, upande wa mti wa sipres, jembe begani.

"Injinia amerudi!" Mama Muthoni akaita. "Haya, tuambie, umempata aliyechezea mashine?"

"Nimempata," Jerop akasema.

"Ni nani?"

Alipitisha macho kwenye foleni muda ambao mimi ningeweza kukamua ng'ombe, nikachemsha chai na kuinywa. Nikaona akimtazama mama yake, kisha akamtazama Sifuna, safari hii machoni.

"Ni mimi. Siku ile asubuhi nilibadilisha programu nikiwa mjini, nikaagiza kiunzi kipya ambacho hii mashine haiwezi kubeba. Sikuijaribu kwanza. Ikakataa, nikaona aibu, nikasema imechezewa. Nilijua mtamwangalia nani. Mzee Sifuna hakufanya kitu. Nilijua, na nikanyamaza siku zote hizi."

Hakuna aliyecheka. Mama Muthoni alitazama viatu vyake. Yule wa dirishani, wa ng'ombe wa upande mmoja, akaanza kutafuta kifuniko cha mkebe wake ambacho kilikuwa juu ya mkebe. Sarah aliweka mkebe chini, akajifunika uso kwa leso. Jerop aliona. Nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwa sababu alichukua hatua moja kuelekea kwa mama yake halafu akasimama, kama mtu asiye na ruhusa.

Mzee Kipchumba akaingiza mkono kwenye koti, akatoa funguo, akamfuata Sifuna hadi kwenye mti. Akamnyooshea.

"Hapana, Mwenyekiti," Sifuna akasema. "Mimi niliziacha mezani."

Basi mwenyekiti wetu, na tumbo lake na miwani yake, akarudi, akafungua ofisi, akaziweka mezani, akatoka. Sifuna akaegemeza jembe ukutani. Akaingia, akazichukua, akazifunga kiunoni, hakuharakisha fundo. Sisi wote tulikuwa tumejaa mlangoni.

"Madam, endelea," akasema.

"Mashine ni yako, Mzee. Washa wewe."

Akafunua kitambaa. Akawasha. Ikakohoa. Jerop akachomeka flashi, akatoa kile kiunzi kipya, akarudisha cha zamani, mara ya kwanza akabonyeza pembeni. Kisha akaondoka kwenye kiti, akamwachia Sifuna abonyeze ya mwisho.

Programu ikafunguka. Herufi zake zilikuwa mbaya vile vile, za kizamani, hazing'ai. Hakuna aliyelalamika. Mkebe wangu ndio uliwekwa wa kwanza, na mashine ikaandika kilo saba, ambazo ni uchawi, kwa sababu ng'ombe wangu hutoa arubaini na huwa namwomba apunguze.

Nilikuwa nimebeba kile kibuyu ndani ya kikapu. Nikakitoa, nikampa Sifuna. Akakipima kwa mkono, akakiweka juu ya meza karibu na kompyuta.

"Tupime kwanza," akasema. "Mpaka mkebe wa mwisho."

Tukapima mpaka mkebe wa mwisho, jua likala ukungu wote pamoja na shuka langu. Ndipo Sifuna akakifungua, akanywa, akampa Mzee Kipchumba, naye akampa Mama Muthoni, kikaenda hivyo mkono kwa mkono. Kilipofika kwa Jerop alikishika kwa mikono miwili, akakiangalia ndani. Kisha akampitishia mama yake bila kunywa. Sarah alimtazama, hakumlazimisha. Akanywa kidogo, akafuta mdomo vizuri sana, akakirudisha kwangu.

Programu ile bado tunaitumia. Jerop huja mara kwa mara kurekebisha hili na lile, na siku hizi huja na kompyuta yake kwenye mfuko mkubwa wa shamba. Akifungua lile dirisha jeusi, Sifuna husimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, funguo zikigongana kiunoni.

"Umetaja nambari?" humuuliza.

"Nimetaja, Mzee."

Na Jerop hatazami juu mpaka programu ifunguke.